Feri namba 62 Hamburg: nauli ya basi, unazunguka bandari

Nianze na hela maana najua ndo mnachotaka kusikia. Pale Landungsbrücken, gati kuu la Hamburg, ukishuka tu kwenye treni unapokelewa na wapiga debe. Ndio, wapiga debe, wazungu watu wazima wamevaa kofia za kapteni, wanaita watu wa ziara ya bandari, saa moja kwenye boti euro ishirini na kitu kwa kichwa. Mkiwa wawili hapo mshafika hamsini na hamjala. Sasa ukiwapita hao, hatua chache mbele gati namba 3, inakuja feri namba 62 ambayo ni usafiri wa umma wa kawaida kabisa, iko kwenye mtandao mmoja na mabasi na treni za mji mzima (wanauita HVV), kwaiyo mwenye tiketi ya siku ya basi feri kashalipia. Mimi na waifu tulipanda hiyo, na siku nzima tukaijenga juu ya hiyo tiketi moja, ndo ninachotaka kuwaambia hapa.

Tiketi iko hivi. Mimi naishi Hannover na nina Deutschlandticket, ile ya mwezi ya nchi nzima, na hiyo feri inaikubali, sikutoa senti. Waifu ndo kwanza kaja toka Unguja hana, tukamnunulia kwenye mashine ile inayoitwa 9-Uhr-Tageskarte, euro saba nane hivi, siku za kazi inaanza kufanya kazi saa tatu asubuhi wikendi inafanya kazi siku nzima, na inakwenda mpaka alfajiri ya kesho yake saa kumi na mbili. Mkiwa kundi kuna ya kundi pia mpaka watu watano, hiyo mpige hesabu wenyewe, wawili tu faida yake ndogo. Na angalizo kwa wageni, hakuna geti wala kondakta, unapanda tu kama hakuna anayejali, ila wakaguzi wapo, wengine wamevaa kiraia, na ukikutwa huna ni euro 60 hapohapo. Usijaribu ujanja wa daladala huku.

Haya, feri yenyewe. Ni bapa, pua imechongoka, nyuma imekatwa wima, wenyeji wanaziita pasi, na ukiiona toka mbali kweli ni pasi inatembea kwenye maji. Chini kuna viti vya ndani vyenye vioo na kijiduka cha kahawa, juu ni wazi. Pandeni juu. Nasema pandeni juu hata kama upepo unakata masikio, maana chini mtakuwa mmepanda basi tu. Ila vaeni, mimi nilimwambia waifu abebe koti akaniambia mwezi wa tano huu mume wangu jua linawaka, tukafika katikati ya mto akaanza kunivua skafu shingoni bila hata kuomba. Mwezi wa tano wa Hamburg na mwezi wa tano wa Forodhani majina tu yamefanana.

Alipoona watu wanaingia na baiskeli, na vibegi vya soko, mwingine na mbwa, mwingine kanuna tu anaenda zake kazini, akaniangalia akasema "wewe, hii si pantoni hii?" Na kweli ni pantoni ya Kigamboni tu, ila haibebi magari na hakuna wa kukuuzia karanga. Sasa sikilizeni, Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, imesainiwa kabisa, kwaiyo nikamwambia umekuja kwa ndugu zako.

Mkiondoka Landungsbrücken ng'ambo ya pili kushoto ni viwanja vya meli vya Blohm+Voss, wapo hapo tangu 1877, mara nyingi utakuta limeli limekaa juu kwenye gati kavu limevuliwa nguo linapigwa rangi. Kulia mnapita soko la samaki na lile jumba lake la mnada la 1896, halafu jengo la ofisi la vioo limelala upande kama linataka kuingia majini. Feri inasimama kidogo kila kituo, inagusa, kamba hata haifungwi vizuri watu washashuka imeondoka. Safari nzima mpaka mwisho Finkenwerder ni kama nusu saa, na mchana zinapishana kila robo saa hivi, kwaiyo hakuna haja ya kuogopa kushuka. Na hapo ndo utamu wake ulipo kuliko boti ya ziara, unashuka ukipenda, unakaa ukichoka unadandia inayofuata, hakuna mtu anakusimamia na saa.

Sisi tulishuka Neumühlen/Övelgönne na kama una muda wa kushuka sehemu moja tu shuka hapo. Kwanza kuna kibandari cha meli za zamani, zimefungwa hapo tangu miaka ya sabini na watu wanaozitunza kwa mapenzi yao, unatembea kwenye gati la kuelea unaziangalia bure. Halafu kijia chembamba cha miguu kinapita mbele ya nyumba ndogondogo za zamani za manahodha na marubani wa meli, vibustani vyake viko upande wa pili wa kijia, yaani mtu anatoka mlangoni anavuka njia ya watu ndo anafika kwenye maua yake. Waifu alisimama kila nyumba. Kila nyumba. Milango, vizingiti, taa za shaba, mapazia, mimi nilishachoka ye bado anahesabu ufagio.

Baada ya hapo unateremka ufukweni, mchanga kabisa, kwenye mto, na mbele yenu ng'ambo ni bandari ya makontena, macreni yamesimama kama twiga. Hii nilikuwa nadhani itaharibu mandhari kumbe ndo mandhari yenyewe. Tulikaa kwenye mchanga na kahawa ya kibanda, ikapita meli ya makontena, limeli moja kubwa ambalo mwanzo wake ukishapita bado unasubiri mwisho wake, mita mia nne mengine yanafika, linapita pole pole mbele ya watoto wanaochimba mchanga na hakuna hata anayeinua kichwa. Sisi tulisimama wima wote wawili tumeachama. Hamburg iko kilomita mia hivi toka bahari yenyewe lakini haya madude yanapanda mto mpaka hapo. Na kuna vibao vya kuonya, vichukulieni maanani: meli ikipita maji kwanza yanavutwa kurudi nyuma halafu yanakuja kwa nguvu, viatu na mabegi vinaondoka. Kuogelea sahau, mkondo mkali.

Mbele kidogo kuna jiwe. Najua mtasema jiwe nalo la kuandikia, lakini subiri, lina tani 217, walilitoa chini ya mto 1999 wakati wanachimba kuongeza kina cha njia ya meli, barafu ya zama za kale ndo ililibeba toka Sweden mpaka hapo, wakalipa jina la Alter Schwede yaani mzee Msweden. Watoto wanalipanda, wapendanao wanapiga selfi, na sisi tukapiga.

Kitu kingine waifu alikigundua yeye, mimi na ukaaji wangu wote Ujerumani sikuwa nimekitilia maanani. Tulipofika ufukweni kulikuwa na kipande kirefu cha mchanga umelowa na magogo, tulipoondoka kimemezwa chote. Akasema maji yanajaa. Nikamwambia mto huo mama, mito haijai na kupwa. Akanionyesha nguzo ya gati, mstari wa tope umepanda juu, akanyamaza zake. Mtoto wa pwani huwezi kumdanganya maji. Na ndivyo, bahari inausukuma huu mto wenyewe, Elbe, mpaka mjini, kupwa na kujaa tofauti yake ni zaidi ya mita 3, ndo maana pale Landungsbrücken magati yote yanaelea na vidaraja vya kushukia mara vinainama sana mara vinakaa bapa. Kuna mnara wa saa pale na chini ya saa wameweka kipimo cha maji, watalii wengi wanapiga picha mnara hawajui kinasoma nini.

Tukapanda tena mpaka Finkenwerder. Hapo kwa wapenzi wa ndege kiwanda cha Airbus kiko hukohuko, lakini gatini penyewe hakuna la kushangaza sana, tulizunguka kidogo tukarudi na feri inayofuata. Wakati wa kurudi kaeni upande wa kushoto, mji unajifungua wote, makanisa, minara, na mwisho kabisa ile Elbphilharmonie, ukumbi wao wa muziki, na paa lake la mawimbi.

Njaa ikauma. Landungsbrücken mkate wa samaki, Fischbrötchen, ndo chakula, mkate mdogo mgumu nje laini ndani, kati wanaweka samaki na vitunguu vibichi. Bei inaanzia kama euro nne tano ukienda kwenye uduvi inapanda haraka. Ushauri kwa ndugu zangu wa pwani, msianze na Matjes, ni samaki wa heringi kalainishwa kwenye chumvi hajaona moto, ukimuuma anateleza. Waifu aliuma mara moja akanikabidhi. Bismarckhering yuko kwenye siki huyo anakulika, mtu wa achari atamwelewa, na wa kukaanga wapo pia kwa wanaotaka usalama. Shwari kidini pia maana ni samaki, ila ukitaka uhakika uliza sosi. Sehemu moja jirani, jina silitaji, tuliagiza chai mbili tukaletewa maji ya moto vuguvugu na vijikaratasi vya chai pembeni na bili ambayo Unguja ungekunywa chai na sambusa wiki nzima, kwaiyo chai kanyweni kwenu. Mnachotakiwa kununua ni Franzbrötchen, kimkate bapa cha siagi na mdalasini, cha hapohapo Hamburg, kila duka la mikate kipo. Huo mdalasini ulimrudishia waifu heshima yake kwa mji huu baada ya yale ya samaki.

Karibu kabisa na hapo kuna njia ya chini ya mto, Elbtunnel wa zamani wa 1911, mita 426, kwa miguu ni bure. Mnashuka na lifti kubwa au ngazi kama mita 24 chini, halafu mnatembea kwenye bomba la vigae vyeupe, ukutani kuna vinyago vya udongo wa kung'arishwa vya samaki na kaa, kimoja panya wamezunguka buti kuukuu, tafuteni hicho. Mkitokea ng'ambo kuna sehemu ya kusimama mnaiona Hamburg yote toka upande wa viwanda. Dakika ishirini thelathini inatosha kwenda na kurudi, msiikose.

Sasa sehemu ambayo ndo ilimtoa waifu Hannover. Treni ya S1 toka Landungsbrücken inakwenda moja kwa moja mpaka Ohlsdorf, tiketi ileile, nusu saa hivi. Ohlsdorf ni makaburi. Najua, siku ya mapumziko na mke unampeleka makaburini, lakini hii ni hekta 389, imefunguliwa 1877, ni msitu na bustani na mabwawa, mabasi ya jiji yanapita humo ndani yana vituo vyake, na mwezi wa tano maua ya rododendro yamefumuka yanazidi urefu wa mtu. Watu wanakwenda kutembea, wengine na baiskeli. Na humo amelala Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja 1844.

Kwa ambao hawamjui, alipendana na mfanyabiashara Mjerumani wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe, akashika mimba, 1866 akatoroshwa usiku na meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden, huko akabatizwa akaitwa Emily, wakaoana wakaja Hamburg. 1870 mume akaanguka akagongwa na tramu ya farasi akafa. Mwanamke kabaki na watoto watatu wadogo kwenye baridi hii, kwao hawamtaki. Akaandika kitabu cha maisha yake kikatoka 1886. Alifariki 1924 huko Jena, majivu yake yakaletwa hapa kwenye kaburi la ukoo wa mumewe, na inasemwa waliweka na kimfuko cha mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza.

Chukueni ramani ofisi ya mlangoni, bila ramani hamfiki, sisi tulikuwa nayo na bado tulizunguka. Jiwe linamtaja kwa jina la ndoa, Emily Ruete, na kwamba alikuwa binti wa kifalme wa Oman na Zanzibar. Waifu alipofika akainua mikono kusoma Fatiha, akaishusha, akaniuliza inafaa? Nikamwambia mimi si shehe. Akasimama kidogo halafu akachutama akaanza kuokota majani makavu juu ya kaburi, moja moja, mpaka pakawa safi, akayaweka pembeni chini ya mti. Akaniambia watu wa kwao wanamsema vibaya mpaka leo lakini na yeye alikuwa na miaka ishirini na mbili tu. Alikuwa na mengine ya kusema juu ya kitabu, vile Bibi alivyoandika kuhusu watumwa, hapo hakumtetea, na mimi nakubaliana naye. Tulibishana hayo mpaka kituo cha basi, mabishano mazuri, sio ya kununiana.

Kama hamna hamu na makaburi basi muda huo pelekeni Speicherstadt, yale maghala mekundu ya matofali juu ya nguzo za miti, yalifunguliwa 1888 na tangu 2015 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Humo ndo zilikuwa zinashuka kahawa, viungo, mazulia, na makampuni ya Hamburg yalikuwa na nyumba zao Zanzibar toka katikati ya karne ya kumi na tisa, kwaiyo mkipita mjue karafuu zetu zimepita hapo pia. Tulipita jioni kwa miguu, taa zinawaka kwenye mifereji, sikuwa na nguvu za kuingia makumbusho yoyote.

Tukamalizia Elbphilharmonie. Tamasha la muziki ni hela nyingine, ila ile kibaraza chao, Plaza, mita 37 juu, tulichukua tiketi ya papo kwa papo bure. Unapanda eskaleta ndefu mita 82 imepinda, ukiwa chini huoni mwisho wake, inachukua dakika mbili na nusu na watu wote wanaongea kwa sauti ya chini sijui kwa nini. Jengo limefunguliwa 2017 na gharama zake zilifika euro milioni 866, walipigana nalo miaka. Chini ni ghala la zamani la kakao na chai, juu wameweka kioo. Ukizunguka kibaraza unaiona njia yote mliyopita na feri mchana.

Mabaya ya hiyo 62 sasa. Jua likiwaka wikendi Hamburg nzima ina wazo moja, juu kunajaa na foleni inafika kwenye daraja, nendeni kabla ya saa tano asubuhi au jioni. Matangazo ni Kijerumani, na hakuna anayekuelezea chochote, kama hujasoma kabla utaona macreni tu. Na haiingii kwenye mifereji ya Speicherstadt, huko zinaingia zile boti ndogo za kulipia, na zenyewe mpaka maji yaruhusu, yakijaa sana hazipiti chini ya madaraja yakipwa sana zinakwama, kwaiyo ukilipa ishirini na kitu muulize mpiga debe kwanza kama leo wanaingia ndani kweli. Mwenye wazee wasiopenda kutembea, au anayetaka hadithi ya kila jengo, alipe tu boti, sio dhambi. Wapendanao wasio na haraka, 62, nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwa upepo.

Na mkilala Hamburg kuamkia Jumapili, hiyohiyo 62 ina kituo soko la samaki, Fischmarkt, liko tangu 1703, majira ya joto linaanza saa kumi na moja alfajiri linafungwa saa tatu na nusu. Mimi nilipendekeza tulale tuwahi, nikaambiwa samaki wa alfajiri kwao wanaletwa mlangoni, tukapanda treni ya usiku tukarudi Hannover.